Uamuzi Uachiwe Bunge

Mhariri, wiki hii mmetuuliza iwapo rais, katika nchi ambayo serikali hutokana na bunge, apewe uwezo wa kuiondoa serikali hiyo. Nasema asipewe, na shahidi wangu ni Pakistani.

Mwaka 1985, Jenerali Zia-ul-Haq alipokuwa akikaribia kuondoa utawala wa kijeshi, katiba ya nchi hiyo iliingizwa kifungu cha 58(2)(b), kilichomruhusu rais kulivunja Bunge la Taifa pale ambapo, kwa maoni yake, serikali haiwezi tena kuendeshwa kwa mujibu wa katiba. Naomba msomaji asiyapite haraka maneno hayo, “kwa maoni yake”. Hayadai kura ya wabunge wala hukumu ya mahakama. Fikra za mtu mmoja zinatosha, na bunge likishavunjwa, waziri mkuu huondoka nalo.

Zia alikitumia kwanza Mei 1988 dhidi ya Mohammad Khan Junejo, waziri mkuu aliyemteua yeye mwenyewe. Waziri Mkuu Benazir Bhutto alikabiliwa na hoja ya kutokuwa na imani naye Novemba 1989, akaishinda bungeni. Miezi 9 baadaye Rais Ghulam Ishaq Khan akamwondoa vilevile. Je, hapo kura ya wabunge ilikuwa na thamani gani? Aprili 1993 ikawa zamu ya Nawaz Sharif, ambaye Mahakama ya Juu ilimrudisha mwezi uliofuata, lakini kufikia Julai yeye na rais huyo walikuwa wamejiuzulu wote wawili. Novemba 1996 Benazir aliondolewa tena, safari hii na Farooq Leghari, aliyeingia urais akiwa mgombea wa chama chake Benazir. Tuhuma za rushwa zilitajwa, nami sisemi zote zilikuwa za uongo, ila aliyezipima ndiye aliyetoa adhabu.

Wanaohofia kwamba serikali iliyochoka itang’ang’ania madaraka waitazame Ujerumani. Desemba 2024 Rais Frank-Walter Steinmeier alilivunja bunge siku 11 baada ya Kansela Olaf Scholz kushindwa katika kura ya imani aliyoiomba mwenyewe. Rais alitia saini, lakini wabunge walikuwa wamekwisha kusema.

Pakistani ilikifuta kifungu hicho mwaka 1997, Jenerali Musharraf akayarejesha mamlaka hayo mwaka 2003, kisha yakaondolewa tena Aprili 2010. Rais aliyetia saini kujivua uwezo huo alikuwa Asif Ali Zardari, mume wa marehemu Benazir.