Kanda ya Mwimbaji Aliyekuwa Rafiki wa Nyumba Yetu

SWALI: Wazazi wangu walikuwa na urafiki wa miaka mingi na mwimbaji wa taarab hapa Unguja, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa hakosi kwetu kila Sikukuu, na usiku wa harusi ya dada yangu aliimba bila ya kudai malipo. Tunayo kaseti ya usiku ule. Ndugu zangu wanataka kuiweka mtandaoni, lakini mama anakataa katakata. Je, si mali yetu?
Msomaji, Mjini Magharibi

JIBU: Kaseti ni mali yenu, ila kilichomo ndani yake kina wenyewe wengi kuliko mnavyodhani. Katika taarab, anayeimba mara nyingi siye aliyetunga shairi, na aliyetunga shairi huenda siye aliyelitia muziki. Kila mmoja wao ana haki yake, na haki ya mtunzi haifi pamoja naye, bali hubaki kwa warithi wake kwa muda usiopungua miaka 50. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, tofauti na ile ya Bara ya mwaka 1999, kwa hiyo pa kuulizia ni COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na si COSOTA ya Bara. Kabla ya hapo, nendeni kwa warithi wa marehemu, kisha kwa klabu aliyokuwa akiimbia, ambako wazee bado wanakumbuka shairi lipi ni la nani.

Hata hivyo, nadhani mama hakatai kwa sababu ya sheria. Kanda za harusini hunasa mengi yasiyokuwa nyimbo: mwimbaji akimkemea mpiga fidla, akimtania bibi mwenye nyumba, pengine akilalamikia maradhi yake kwa mtu aliyemwamini. Hayo aliyasema mbele ya marafiki, si mbele ya umma, na kwa maoni yangu yasitolewe hata warithi wakiridhia nyimbo zisikike. Mwachieni mama aisikilize kwanza, peke yake akitaka, na aseme yeye kipi kikatwe.

Lakini kuificha kabatini nako si kuihifadhi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake tunaisikia leo kwa sababu kuna waliozitunza zile sahani za santuri. Kaseti ni dhaifu zaidi, hasa kwa joto na unyevu wa visiwani. Msiijaribu kwenye redio kuukuu ambayo kichwa chake cha kusomea kanda hakijasafishwa, kwani ikitafunwa hamtapata nyingine. Mpelekeeni fundi mwenye vifaa vya kuihamishia kwenye kompyuta, naye aizungushe taratibu mbele na nyuma kabla ya kuicheza. Leo hii, vunjeni vile vijiplastiki viwili vilivyo kwenye ukingo wa juu wa kaseti, ili asitokee mtoto akabonyeza kitufe na kurekodi juu yake.