Kuacha Karabai Mwaloni: Malizeni Hesabu ya Mgao Kabla ya Kununua Taa

Igombe, Kayenze au visiwani Ukerewe, kwenye Ziwa Victoria, mwenye mtumbwi wa dagaa anayetaka kuacha karabai, taa ya mafuta ya kuvutia dagaa usiku, na kuhamia taa za sola huanza kwa kuuliza bei ya betri. Aanze na swali jingine: mafuta ya taa yakitoka kwenye daftari, fedha yake inakwenda kwa nani?

Kwa kawaida mauzo yakipatikana, gharama za usiku hutolewa kwanza: mafuta ya taa, petroli ya injini, chakula. Kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi. Maana yake mafuta hulipwa na wote. Taa za sola hulipwa na tajiri peke yake, tena kwa mkupuo. Asiporudishiwa kitu ataona amewanunulia wengine faida. Akiendelea kukata pesa ya mafuta wakati hakuna mafuta, wavuvi wataona wanaibiwa, na ni haki yao kuona hivyo.

Kaeni pamoja mpige hesabu. Karabai kubwa hunywa lita 1 kwa saa 8 hivi. Karabai 6 zikiwaka saa 10 ni lita 7.5 kwa usiku. Kwa usiku 20 wa giza ni lita 150. Zidisheni kwa bei ya wilaya yenu, ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza kila mwezi, kisha ongezeni tambi na vioo. Tunashauri nusu ya kiasi hicho iendelee kukatwa kama marejesho ya tajiri hadi gharama yake iishe, na nusu iingie kwenye mgao tangu usiku wa kwanza. Marejesho yakiisha, bakizeni makato madogo ya mfuko wa betri. Yaandikwe, wote wasaini, nakala moja ikae BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni), kwa sababu wavuvi huhama mwalo, ufukwe wa kushushia samaki, na atakayekuja hakuwepo mlipokubaliana.

Hili si la mwaloni tu. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, yaani kuyachanganya na dizeli. Waliolengwa ni wachakachuaji. Mzigo ukamfikia pia mvuvi wa dagaa, ambaye mafuta ndiyo chombo chake cha kazi. Ndiyo maana kikao cha BMU kinapaswa kuzungumzia nishati kama kinavyozungumzia nyavu haramu.

Sasa vifaa. Taa ya LED ya wati 12 ikiwaka saa 10 inakula wati-saa 120, sawa na ampea-saa (Ah) 10 kwenye betri ya volti 12. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, hivyo kila taa inahitaji Ah 20. Ya lithiamu ya Ah 12 au 13 inatosha, ni nyepesi juu ya boya la taa, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Taa 6 zinakula wati-saa 720; ukihesabu upotevu, paneli ya wati 200 inazijaza siku ya jua kali. Nunua ya 300, maana mawingu ya masika hayakusubiri.

Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. Pima kwa mita: taa ya wati 12 lazima ivute ampea 1 hivi. Kabla ya kununua, muulize ofisa uvuvi kiwango cha mwanga kinachoruhusiwa.

Vinavyoharibika zaidi ni viungo vya waya. Maji huingia pale waya unapoingia kwenye taa, shaba inageuka kijani, mwanga unafifia na lawama inakwenda kwa betri. Ziba kwa silikoni, weka fyuzi karibu na betri. La pili ni mbalamwezi, wakati uvuvi wa taa husimama: betri ya asidi ikikaa tupu siku zile za mapumziko, hufa. Ijazeni kabla ya kuihifadhi. La tatu ni televisheni ya nyumbani kwa tajiri. Betri ya taa isiguswe kwa kazi nyingine.

Wavuvi wakisema dagaa hawaji kwenye LED, msiwapuuze. Karabai humulika pande zote, LED nyingi humulika upande mmoja. Ielekezeni majini, na katika kipindi kimoja cha giza changanyeni karabai 3 na LED 3 mkilinganisha ndoo.

Mama anayeuza mafuta ya taa mwaloni naye ana familia. Kibanda cha kuchaji kikianzishwa, apewe nafasi ya kwanza kukiendesha. Na kisiwe mali ya mnunuzi wa dagaa anayekopesha wavuvi: akishika chaji na deni kwa pamoja, atapanga na bei ya ndoo.

Betri iliyokufa isipasuliwe ufukweni. Ina risasi na asidi, na ziwa hilo ndilo mnalochota maji ya kunywa. Iuzwe nzima kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayezipeleka kuyeyushwa, na fedha irudi kwenye mfuko wa betri.