Mapigo ya moyo na mazoezi: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo dokta. Nina miaka 40. Alfajiri nakimbia kutoka Kibirizi kupandisha Mwanga. Nikifika juu moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Si nitaanguka? (Mama wa Kibirizi, Kigoma)

Marahaba. Mlima ule unawahemesha hata vijana. Misuli ikifanya kazi inadai oksijeni, na moyo ndio unaosukuma damu ya kuifikisha. Ukiwa umekaa unasukuma kama lita 5 kwa dakika. Kwenye zoezi kali unaweza kufika lita 20. Lazima udunde.

Kujua ukomo wa mapigo yako kwa dakika, chukua 220 utoe umri: kwako inabaki 180. Ni makadirio tu, watu wa rika moja hupishana kwa mapigo 10 na zaidi. Zoezi la wastani liko kati ya asilimia 50 na 70 ya hapo, yaani mapigo 90 hadi 126. Hesabu zikikuchosha, jisikilize: ukiweza kuongea ila huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukishindwa hata kuitikia salamu ya jirani, pale penye mwinuko tembea, hakuna anayekupa medali.

Mimi huangalia zaidi mapigo yanavyoshuka kuliko yanavyopanda. Pima ukimaliza tu, kisha pima tena baada ya dakika moja. Yakipungua 12 au zaidi, moyo unarudi vizuri. Ila kifua kikibana, ukipata kizunguzungu au mapigo yakirukaruka, acha hapohapo uende hospitali siku hiyohiyo.

Nitapimaje bila mashine? (Msomaji, Gungu)

Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Usipimie kidole gumba. Kina mapigo yake, yatakuvurugia hesabu.

Nacheza mpira tangu utotoni. Juzi nimepimwa nimepumzika, mapigo 48, nesi akashtuka. Naumwa? (Kijana wa Ujiji)

Kama huna kizunguzungu wala uchovu usioeleweka, sidhani. Kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni 60 hadi 100, lakini moyo uliozoea mazoezi hutoa damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Wapo wanariadha wenye 40. Angekuwa mzee wa miaka 70 asiyefanya zoezi lolote, hata mimi ningeshtuka.

Mzee wangu ana presha, anameza atenolol. Anatembea kwa kasi lakini mapigo hayapandi. (Binti, Mwanga)

Ndiyo kazi ya dawa hiyo, inauzuia moyo kwenda mbio. Ile hesabu ya 220 haimfai. Atumie kipimo cha kuongea. Na tafadhali, asiache dawa ili mapigo yapande. Atenolol ikikatizwa ghafla inaweza kuleta balaa, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Nikiwa na homa kidogo nakimbia nitoe jasho, iishe. Nakosea? (Msomaji, Katubuka)

Unakosea, mwanangu. Homa peke yake hupandisha mapigo, kama 10 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, na jasho likikukausha maji, mapigo yanazidi kupanda. Ukikimbia juu ya hapo unaubebesha moyo mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Kapime malaria kwanza. Viatu vitakusubiri.