Ziara Fupi ya Mapango ya Kapadokia: Ushauri kwa Wanaofuata Mzigo Uturuki

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Muheza, binti anayeanza biashara ya nguo za kike. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Mwezi ujao nakwenda Istanbul kufuata mzigo, na nimeziona picha zako za Kapadokia. Mzigo ukishafungwa nitabaki na siku mbili za kungoja ndege. Je, ile ziara ya mapango inamfaa mtu mwenye mtaji mdogo, au ni anasa ya wenye fedha?" Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu, lakini swali lake linastahili jibu refu, kwa sababu najua wapo wengi walio katika hali yake hapa Tanga, wenye maduka Ngamiani na meza pale Mgandini, ambao wamekwisha kwenda Istanbul na kurudi bila kuiona Uturuki zaidi ya maduka ya jumla ya Laleli na Merter.

Jibu langu ni kwamba ziara ya Kapadokia, eneo lililo katikati ya Uturuki, inafaa, na inamfaa zaidi mtu aliyekulia karibu na mapango yetu ya Amboni. Hata hivyo, ziara fupi ya namna hii itakulipa tu ikiwa utashuka chini ya ardhi ukiwa na swali moja kichwani: watu waliishije humu? Ukienda kwa ajili ya picha za maputo yanayopaa alfajiri, utapata picha, na picha hizo zimejaa kwenye simu za watu wote. Ukienda na swali hilo, utarudi na elimu ambayo hakuna atakayekunyang'anya.

Habari za njiani sina haja ya kuzirefusha. Kutoka Istanbul ipo ndege ya ndani hadi Kayseri au Nevşehir, mwendo wa saa moja na kidogo, na lipo basi la usiku linalofika asubuhi. Mimi nilipanda basi ili nisilipie chumba cha kulala usiku huo. Kituo cha wageni ni mji mdogo wa Göreme, ambako mawakala wa ziara wamepangana mlango kwa mlango. Wao huuza ziara za siku moja za aina mbili kuu, na kila mtu huziita kwa rangi: ziara nyekundu ni ya upande wa kaskazini, na ziara ya kijani ni ya upande wa kusini. Mimi nilizifanya zote mbili.

Kabla ya kusimulia nilichokiona, ni lazima nieleze jiwe lenyewe, maana asiyelijua jiwe hawezi kuyaelewa mapango. Mamilioni ya miaka iliyopita milima ya volkano ya eneo hilo, ukiwamo mlima Erciyes wenye urefu wa mita 3,917, ilimwaga majivu mengi ambayo yaligandamana yakawa jiwe jepesi na laini. Mvua na upepo viliukata uwanda huo polepole, vikaacha mabonde na minara mirefu ya mawe iliyochongoka. Watu walipofika waligundua kwamba jiwe hilo linachongeka kwa zana za kawaida, na kwamba likishapata hewa huzidi kuwa gumu. Basi badala ya kuijenga nyumba, waliichonga. Mapango yetu ya Amboni ni ya asili nyingine kabisa. Yale ni ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, zipatazo miaka milioni 150 zilizopita, na maji ndiyo yaliyoyatoboa. Ukiwa Amboni unanyanyua macho darini kutazama kazi ya maji. Ukiwa Kapadokia unasogea ukutani kutazama kazi ya mkono, kwa kuwa alama za patasi bado zipo, mistari mifupi iliyolala upande mmoja, na unaweza kuifuata kwa kidole chako.

Siku ya ziara nyekundu tulianzia kwenye makumbusho ya wazi ya Göreme, ambayo pamoja na maeneo yanayoizunguka yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1985. Humo kuna makanisa yaliyochongwa ndani ya miamba, na michoro mingi ya kutani ni ya karne ya 10 hadi ya 12. Jirani yangu wa dukani, ambaye ni Mkristo, alikuwa amekwisha kunionyesha kwamba jina la Kapadokia limo katika Matendo ya Mitume na katika Waraka wa Kwanza wa Petro, na mimi Muislamu nilisimama pale kwa heshima yote nikamsikiliza mwongozaji. Kanisa lililonigusa zaidi ni lile wanaloliita Karanlık Kilise, yaani Kanisa la Giza. Lina tundu dogo tu la kuingizia mwanga, na kwa sababu hiyo rangi zake hazikuchujuka. Buluu yake iko vilevile. Kiingilio chake hulipwa peke yake, na wenzangu wengi katika kundi walibaki nje wakisema kwamba makanisa yote ni mamoja. Nawaomba msifanye hivyo. Siku hiyo pia tulielezwa habari za Zelve, bonde ambalo watu walikuwa bado wakiishi ndani ya mapango hadi mwaka 1952, ndipo wakahamishwa kwa sababu miamba ilikuwa ikimomonyoka na kuanguka. Fikirini juu ya mwaka huo. Wapo wazee wetu hapa Tanga waliokuwa wamekwisha kuzaliwa wakati watu wa Zelve wanafunga virago.

Lakini moyo wa safari ni ziara ya kijani, kwa sababu ndiyo inayokupeleka Derinkuyu, mji uliochimbwa chini ya ardhi. Mwaka 1963 mkazi mmoja aliyekuwa akitengeneza nyumba yake alibomoa ukuta akakuta chumba nyuma yake, na chumba hicho kikafungua njia ya vyumba vingine hadi ukajulikana mji mzima, wenye kina cha takriban mita 85, unaokadiriwa kwamba uliweza kuwahifadhi watu wapatao 20,000 pamoja na mifugo na chakula chao. Mgeni haruhusiwi kufika kila mahali, ila kile kinachoruhusiwa kinatosha. Unateremka kwa ngazi nyembamba huku umeinama, mtu nyuma ya mtu, na mwenye mwili mkubwa hugusa ukuta kwa mabega yote mawili. Mzee mmoja katika kundi letu aliomba kurudi juu baada ya ghorofa ya kwanza, na mwongozaji alimrudisha kwa upole. Mwenye pumu, mwenye matatizo ya moyo au anayeogopa kubanwa asione aibu kufanya kama yule mzee.

Hapo ndipo nilipoliona tunda la kukaa karibu na mwongozaji. Wengi walibaki nyuma wakipiga picha, na sauti haifiki mbali katika njia zile zenye kona. Mimi nilimwandama bega kwa bega, nikamuuliza: moshi ulitoka wapi? Alinipeleka penye jiko, akamulika dari iliyokuwa bado nyeusi kwa masizi. Nikamuuliza: hewa iliingiaje? Alinionyesha bomba la hewa lililochongwa wima kwenda juu, lenye kina cha zaidi ya mita 50, akachukua kipande cha karatasi laini akakishika mdomoni mwa bomba, nasi tukakiona kikivutwa. Nikamuuliza habari za maji, akasema kwamba visima vingine havikufunguliwa hadi juu ya ardhi, ili adui asiweze kuwatilia sumu waliomo chini. Zizi liliwekwa ghorofa za juu, kwa kuwa ng'ombe hawezi kuteremshwa katika ngazi zile.

Kisha tukafika mlangoni. Mlango wenyewe ni jiwe la duara, mfano wa jiwe la kusagia nafaka, lililosimamishwa kwa ubavu ndani ya mfereji wake kando ya njia. Huviringishwa na walio ndani tu. Aliye nje hana pa kulishikia. Katikati yake lina tundu, na mwongozaji alituambia kwamba kupitia tundu hilo walinzi waliweza kumwona anayekuja na hata kumchoma mkuki. Kila ghorofa iliweza kufungwa peke yake. Niliingiza mkono katika tundu lile hadi kwenye kiwiko, na nilipoutoa nilielewa jinsi watu walivyokuwa wakiogopa, na jinsi hofu yao ilivyowafundisha kufikiri. Walijificha humo wakati wa vita kati ya Waarabu na Wabizanti, yaani watu wa dola ya Kirumi ya mashariki, na hata mwaka 1909, habari za mauaji ya Waarmenia katika mji wa Adana zilipofika, watu wa sehemu hizo waliteremka tena chini. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana raia, Wakristo Waorthodoksi waliokuwa wakiijua miji hiyo ya chini ya ardhi wakapelekwa Ugiriki, na mahandaki yakabaki bila wenyewe. Ndiyo sababu Derinkuyu ilihitaji kugunduliwa upya baada ya miaka arobaini tu.

Sasa niseme jambo lililoniudhi. Wakala aliyeniuzia ziara alinihesabia bonde, handaki na chakula cha mchana, lakini hakunitajia kwamba tungepelekwa kwenye duka la vito na kukalishwa humo kwa muda mrefu kuliko tuliokaa Derinkuyu. Mimi ni mfanyabiashara, najua bei ya kumleta mteja dukani, na najua kwamba muda ule ulikuwa umeuzwa bila idhini yangu. Basi kabla ya kulipa uliza mambo haya na uyaandike mbele yake: tunasimama maduka mangapi, kiingilio kimo ndani ya bei au hakimo, na mwongozaji ana watu wangapi. Akikwepa kujibu, nenda mlango wa pili.

Yapo na maumivu mengine ambayo sijayaandika hadi leo. Nilipowaaga wenzangu niliosafiri nao kutoka Dar es Salaam, mmoja wao, mtu ninayemheshimu, alisema mbele ya wote kwamba naenda kuutupa mtaji mashimoni. Maneno hayo yalinitangulia nyumbani. Niliporudi niliyakuta kwa wifi zangu, niliyakuta kwa mtu aliyenikopesha, na mpaka leo nikichelewa kulipa mchango wa kikoba wapo wanaotazamana. Fedha ile ilikuwa yangu, niliiweka kando pesa kwa pesa kutoka kwenye faida, na mzigo wangu uliuzwa kama kawaida. Najua kwamba mwanaume akinunua pikipiki ya pili haulizwi. Mwanamke akinunua siku moja ya kujifunza, anaitwa mpotevu. Nayasema haya kwa wadogo zangu ili yakiwafika wasidhani kwamba wamekosea.

Nilipotulia nilikodi bajaji nikawachukua vijana wa mtaani kwangu hadi Amboni, kilomita zipatazo 8 tu kaskazini ya mji. Wengine walikuwa wamemaliza sekondari Tanga bila kukanyaga pale. Niliwafundisha nilichofundishwa: kaa karibu na mwongozaji, uliza. Waliuliza ikiwa ni kweli pango linatokea Mombasa, kama wanavyosimulia wazee, nami nikawaambia kwamba upimaji wa mwaka 1994 uliona pango refu kuliko yote ni la mita zipatazo 900. Waliuliza habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 na kujificha humo, na hapo swali langu la Derinkuyu likarudi lenyewe vinywani mwao: walikula nini, maji waliyapata wapi, moshi wao haukuonekana? Mto Mkulumuzi uko hapo karibu, popo wako darini, na waliofika kuomba mizimu wameacha sadaka zao pangoni. Watu wa Tanga, nendeni Amboni kabla ya Kapadokia. Wapelekeni watoto. Kiingilio cha mwenyeji ni kidogo, na Wazungu wanaotoka mbali kuja kuyatazama mapango hayo hawatushindi kwa lolote ila kwa kuuliza.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Muheza, fanya hivi. Mzigo wako ukabidhi kwa wakala wa kusafirisha kwanza, upate risiti, ndipo uondoke Istanbul. Kama utapata siku moja tu, chukua ziara ya kijani, na uhakikishe kwamba Derinkuyu au Kaymaklı, mji mwingine wa chini ya ardhi, imo. Kama ni siku mbili, anza na nyekundu. Vaa viatu visivyoteleza na ubebe sweta hata wakati wa kiangazi, kwa maana chini kule joto halizidi nyuzi 13 au 14 mwaka mzima, na wewe ni mtu wa pwani. Usishuke na begi kubwa mgongoni. Ukifika kwenye mlango wa jiwe, muombe mwongozaji amulike ule mfereji linamoviringikia, kwa sababu wengi huupita bila kuuona.