Bomba la moshi kwa jiko la kuni la ndani: anza kupanga kwenye paa, kisha ushuke kwenye jiko

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unajenga Njombe, nyumba ya bati yenye dari ya mbao za msindano, na kwamba fundi amekushauri jiko la kuni likae kwenye pembe ya sebule, bomba la sentimita 10 litoboe ukuta usawa wa dirisha, lipande kwa nje na kuishia chini kidogo ya ukingo wa paa. Mabomba umekwisha kuyanunua, dari haijapigwa, nawe unauliza kama mpangilio huo utafaa. Ninaishi katika ukanda huohuo wa baridi, ninalo jiko la namna hiyo nyumbani, na nimekaa na mafundi kupanga mabomba katika nyumba kadhaa za jamaa na majirani. Kwa uzoefu huo, nakusihi usiukubali mpangilio huo, na nashukuru umeuliza kabla dari haijafungwa.

Wengi wetu tunachagua kwanza mahali ambapo jiko litapendeza, halafu tunamwachia fundi kazi ya kutafuta njia ya moshi kwa kukunja bomba huku na huku. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake: tafuta kwanza mahali kwenye paa ambapo bomba linaweza kutokea karibu na kilele, shusha mstari ulionyooka hadi sakafuni, na hapo ndipo jiko litakapokaa. Viti na meza vinahamishika, lakini njia ya moshi ikishakosewa haihamishiki bila kubomoa.

Sababu yake ni namna moshi unavyovutwa. Hewa moto iliyomo ndani ya bomba ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, na tofauti hiyo ya uzito ndiyo inayousukuma moshi juu na kuvuta hewa mpya kupitia mlango wa jiko. Kadiri bomba linavyokuwa refu kwenda juu, na kadiri moshi unavyobaki na joto lake hadi mdomoni, ndivyo mvuto unavyokuwa na nguvu. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam, kwa hiyo hata mvuto wenyewe unakuwa dhaifu zaidi kwa bomba la urefu uleule. Ndiyo maana mimi sikubali bomba lenye urefu wa chini ya mita 5 kutoka juu ya jiko hadi mdomo wake, hata kama vipimo vya vitabuni vinaruhusu pungufu kidogo.

Bomba lililopita nje ya ukuta linapoteza joto hilo upesi, hasa usiku wa Juni na Julai. Moshi ukipoa chini ya takriban nyuzi 120 za Selisiasi kabla haujatoka, mvuke wake unaganda kwenye kuta za bomba na kuwa lami nyeusi inayonata, na kuni mbichi zinazidisha hali hiyo kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Lami hiyo inaweza kuwaka, na ikiwaka ndani ya bomba joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Zinki iliyopakwa juu ya mabati ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 420, hivyo bati jembamba la kuezekea lililokunjwa kuwa bomba halina uwezo wa kuhimili moto wa aina hiyo. Kipande kinachoanzia kwenye jiko kiwe cha chuma cheusi kisicho na zinki, na sehemu inayopita darini na juu ya paa iwe ya chuma cha stenlesi chenye kuta mbili na sufi ya madini isiyoungua katikati yake.

Sasa panda darini ukiwa na timazi, yaani uzi wenye kizito unaoonyesha mstari wa wima. Tafuta nafasi kati ya kenchi mbili (fremu za mbao zinazobeba paa), upande wa sebule, karibu na kilele cha paa lakini si juu ya kilele chenyewe, na uhakikishe hakuna papi (mbao za kulala zinazopigiliwa bati) itakayolazimika kukatwa bila kuimarishwa upya. Ning'iniza timazi hapo, iache itulie, kisha weka alama sakafuni. Alama hiyo ndiyo kitovu cha tundu la jiko, lile la kutolea moshi. Ikiwa imeangukia mlangoni au katikati ya njia, sogea hadi nafasi nyingine kati ya kenchi. Usikimbilie kukunja bomba.

Kuhusu urefu wa juu ya paa, kanuni inayotumiwa sana, hasa Marekani na Kanada, inasema mdomo wa bomba uwe angalau sentimita 90 juu ya pale linapotobolea paa, na pia uwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa au jengo iliyo ndani ya umbali wa mita 3. Kanuni hiyo inafaa hata kwetu kwa sababu upepo ukipiga paa hugeuka na kushuka upande wa pili, na bomba fupi linarudishiwa moshi. Chukua paa lenye mwinamo wa nyuzi 30. Bomba likitokea nusu mita kutoka kwenye kilele, sentimita 90 zinatosha. Likitokea mita moja na nusu kutoka kileleni, kilele kinakuwa juu yake kwa takriban sentimita 87, kwa hiyo bomba linahitaji karibu mita 1.5 juu ya paa. Likitokea kwenye ukingo wa paa, mita 4 kutoka kileleni, linahitaji zaidi ya mita 2.3, na bomba la urefu huo lazima lishikiliwe kwa vyuma imara ili upepo usiliangushe. Bomba linaloishia chini ya ukingo wa paa halikidhi hata sharti la kwanza, tena linapuliza cheche kwenye mbao za ukingo huo.

Kona zinapolazimika, tumia mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90, kwa sababu kila mkunjo mkali unapunguza mvuto na kukusanya masizi. Sehemu ya kulala iwe fupi iwezekanavyo, ipande angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, na pale inapokutana na bomba la wima pawekwe tii (kiungio cha umbo la T) yenye mfuniko kwa chini, ili masizi yatolewe bila kufungua bomba zima.

Sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote ni dari yako ya mbao. Bomba la ukuta mmoja halipaswi kupita kwenye dari kamwe, na hata sebuleni liwe mbali na ukuta wa mbao, pazia au kabati kwa angalau sentimita 45. Mbao inayopashwa joto kila jioni kwa miaka inakauka na kubadilika ndani kwa ndani, hadi inafikia kushika moto kwa joto ambalo mwanzoni isingelijali. Mabomba ya kiwandani yenye kuta mbili na sufi kwa kawaida huhitaji nafasi tupu ya sentimita 5 kutoka kwenye mbao, kadiri mtengenezaji alivyoelekeza, lakini yale yanayochomelewa na mafundi wetu hayajapimwa, kwa hiyo mimi huyaachia sentimita 20 kila upande. Mbao za dari zikatwe mraba, pazibwe kwa bati, na nafasi hiyo isijazwe kitu chochote. Chuma nacho kinarefuka kinapopata moto: bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 linaongezeka karibu sentimita moja, hivyo lisikazwe kwenye dari na paa kwa pamoja.

Katika maungio, ncha iliyofinywa ielekee chini, upande wa jiko, ili majimaji ya lami yatiririke ndani badala ya kuvujia nje, na kila ungio lipate skrubu tatu. Juu ya paa, bati la kuzuia maji lipite chini ya bati la upande wa kilele na juu ya bati la upande wa chini. Kofia ya bomba ni ya lazima, kwa kuwa mvua ya masika ikichanganyika na masizi inatengeneza tindikali inayotoboa bomba katika miezi ambayo jiko halitumiki.

Usiku funga mlango wa jiko, lakini usifunge kabisa kilango cha bomba (kibati cha ndani kinachozungushwa kupunguza mvuto) kabla makaa hayajazimika, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na inaua watu waliolala. Nyumba yenye madirisha ya vioo yanayobana iachiwe tundu la kuingizia hewa.

Mwisho, kuhusu yale mabomba ya sentimita 10 uliyonunua: kipenyo hufuata tundu la jiko, na majiko mengi ya kupashia sebule joto yana tundu la sentimita 15, ambalo eneo lake ni mara mbili na robo ya lile la sentimita 10. Ukilipunguza, moshi utarudi ndani kila ufunguapo mlango wa jiko. Yarudishe dukani kama watayapokea, na kabla ya kununua mengine nitumie hapa vipimo vitatu: kipenyo cha tundu la jiko, kimo kutoka sakafuni hadi kilele cha paa, na nafasi kati ya kenchi na kenchi, ili tupige hesabu ya vipande pamoja kabla fundi wa dari hajaanza kazi.