Maswali ya Wasomaji: Kiingereza Kinapoachana na Kiswahili

SWALI: Mwalimu, salaam. Ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni mjini Mbarara. Mgeni mmoja Mwingereza aliniuliza, "You don't have hot water?" Nikamjibu, "Yes," kwa sababu siku hiyo kweli hatukuwa na maji ya moto. Aliingia bafuni, akatoka akitetemeka na kulalamika kwamba nimemdanganya. Nilikosea wapi?
Mpokea wageni, Mbarara

JIBU: Hukumdanganya, ila ulijibu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Mtu akituuliza, "Hamna maji ya moto?" nasi tukasema, "Ndiyo, hamna," tunakuwa tumeyakubali maneno ya muulizaji kama alivyoyasema, na ndivyo wanavyojibu wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu, hata Wajapani walio mbali nasi. Mwingereza hajali swali limeulizwa kwa kukanusha au kwa kukubali. Yeye huangalia hali yenyewe, kwamba maji yakiwapo jibu ni "yes", na yasipokuwapo ni "no". Ulipaswa kusema, "No, we don't," na kama yangekuwapo, "Yes, we do."

Kwa kuwa mazoea haya hayaondoki upesi, nakushauri usiliache neno hilo likasimama peke yake, bali ufuatishe sentensi kamili: "We don't have hot water today." Hapo hata ukiteleza mwanzoni, mgeni atakuelewa kabla hajavua shati.

Jihadhari pia na ombi kama "Would you mind carrying my bag?" Mgeni anakuuliza kama utaona vibaya kumbebea mkoba wake, kwa hiyo ukiitikia "yes" kwa tabasamu, umemkatalia. Mwenye kukubali husema, "No, not at all."

SWALI: Binti yangu wa darasa la sita aliandika katika insha, "My mother is a trader. He sells fish." Majirani walicheka, nami nikaona haya. Je, mtoto wangu ana tatizo la kujifunza?
Mama wa muuza samaki wa kesho, Jinja

JIBU: La hasha, mama. "Anauza" ni ya baba na ya mama pia, kwa hiyo mtoto anayefikiri kwa Kiswahili hana sababu ya kuuliza jinsia ya mtu kabla hajatamka kitenzi. Akimaliza insha, arudie kuisoma akitafuta "he" na "she" peke yake, bila kuchanganya kazi hiyo na ya tahajia. Linalosumbua zaidi, hata kwa watu wazima, ni "his" na "her". Maneno hayo humfuata mwenye kumiliki, si anayemilikiwa: Musa akimpenda dada yake, tunaandika "his sister", ingawa dada ni mwanamke.

SWALI: Katika barua ya kuomba kazi niliandika, "I am staying in Kampala since three years." Rafiki yangu alibadilisha "since" kuwa "for", akasema sasa imenyooka. Ni kweli?
Mtafuta kazi, Kampala

JIBU: Rafiki yako amerekebisha nusu. Ni sahihi kwamba "for" huhesabu muda, na "since" hutaja mwanzo wake, kama vile "since 2021". Kilichobaki ni kitenzi. Sisi twasema "niko Kampala tangu 2021" kwa wakati uliopo bila kosa lolote, lakini Kiingereza hudai kitenzi kinachoungana na wakati uliopita: "I have been living in Kampala for three years."

Nimeweka "living" kwa makusudi. Kwa kuwa "unakaa wapi?" ndilo swali letu la kila siku, Uganda nzima huuliza "Where do you stay?" na kuelewana vizuri, nami sioni sababu ya kumsahihisha mtu sokoni au kwenye matatu. Lakini kwa Mwingereza "stay" ni kukaa kwa muda, kama mgeni wa hotelini, na mwajiri kutoka nje anaweza kudhani kwamba unapita tu Kampala ukielekea kwingine.