Karthala: kwa nini 1977 lava, 2005 majivu?

Salaam ndugu. Unauliza imekuwaje Karthala, volkano ya kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, iteketeze kijiji cha Singani kwa lava 1977, halafu 2005 imwage majivu, na mlima ni uleule.

Mimi huanza kutazama mlipuko umetokea wapi. 1977 ardhi ilipasuka ubavuni, chini karibu na makazi. Lava ya Karthala ni ya basalti, aina iliyo majimaji, ikateremka tu. 2005 ilikuwa kileleni, kwenye kreta (shimo la volkano) iliyokuwa na ziwa tangu mlipuko wa 1991. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikikutana na maji, mvuke husaga miamba ikawa vumbi, ndiyo majivu yenyewe. Na vumbi hilo si dogo jamani: Novemba liliharibu maji ya matangi ya mvua, na Ngazidja haina mito ya kudumu, miamba yake michanga hunywa mvua yote.